Shangazi Aenda Mpirani

Mara nyingi katika ukurasa huu nimewaonya watoto wenu juu ya ulimi. Leo mwonyaji ndiye mwenye kuonywa. Nitawasimulia jinsi nilivyokwenda kutazama mpira wa miguu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na jinsi nilivyorudi nyumbani na furaha na aibu katika kikapu kimoja.

Huenda mtashangaa kwamba mtu aliyezeeka katika mji wa Bunia hajapata kuona mechi hata moja. Si ajabu. Nilipokuwa msichana, mpira ulikuwa shauri la wavulana; sisi tulisikia kelele zao kwa mbali, ndoo zikiwa kichwani. Baadaye nikawa mwalimu wa watoto wadogo, na jioni zangu zote zikamezwa na madaftari. Kisha ikaja miaka ya vita, toka 1999 hata 2003, ambapo mtu mwenye akili alipoona watu wamekusanyika alishika njia nyingine. Amani iliporudi nusu nusu, miguu yangu ilikuwa imekwisha kuzoea kukwepa makundi.

Basi, mtoto wa kaka yangu anakaa kwangu kwa ajili ya masomo. Ana miaka 17, amerefuka kama mkaratusi, na katika timu ya shule yake huchezea mbele, upande wa kushoto. Juma moja alinijia jikoni, akasimama mlangoni kama mtu mwenye deni.

"Shangazi, Jumamosi tunacheza nyumbani. Kila mchezaji ana mtu wake wa kumtazama. Mimi sina."

"Nyumbani kwa nani?" nikamwuliza, maana niliogopa kwamba wanakuja kupiga mpira katika ua wangu, penye mboga.

Akacheka, akanieleza. Timu mbili zikishindana, mara ya kwanza hukutana katika kiwanja cha mmoja, na mara ya pili katika kiwanja cha mwenzake. Anayecheza kwake anaitwa mwenyeji. Anayesafiri anaitwa mgeni. Wanafanya hivyo kwa haki, kwa kuwa mwenyeji anakijua kiwanja chake, kila shimo na kila mteremko, na tena ana watu wake wa kumshangilia. Nikamwambia, "Kama ni mambo ya mwenyeji na mgeni, hayo nayajua tangu utoto. Nitakuja."

Jumamosi nikavaa kitenge changu cha Jumapili, nikachukua mwavuli na kidumu cha maji, nikapanda pikipiki ya kukodi. Kijana aliyeniendesha aliposikia ninakokwenda aligeuka kunitazama mara mbili, hata nikamsihi aangalie njia.

Kiwanja chenyewe ni uwanda wa nyasi zilizolika, na katikati ni vumbi jekundu tupu. Mistari ilichorwa kwa majivu. Milango ya mabao ilikuwa ya miti ya mikaratusi, miwili imesimama na mmoja umelala juu yake. Mwalimu wa michezo aliniambia kwamba kwa sheria ya dunia nzima mlango huo una upana wa meta 7.32 na urefu wa meta 2.44, naye alikuwa ameupima kwa kamba kwa mkono wake mwenyewe. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa nikidhani kwamba mpira hauna sheria ila nguvu za miguu.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wengine walikaa juu ya nyasi, wengine juu ya pikipiki zao, na watoto juu ya ukuta kama ndege juu ya waya. Wauza karanga walipita na vikapu. Nilipata nafasi karibu na mzee mmoja, katekista mstaafu, aliyenikaribisha kwenye ncha ya mkeka wake.

"Mama Mwalimu, hata wewe?" akaniuliza.

"Hata mimi, Mzee. Nimeitwa na mtoto."

Mzee huyo ni mtu wa kusoma, na tulipokuwa tukiwangoja wageni alinipa historia ambayo sikuitazamia. Alisema kwamba katika nchi yetu mpira umelelewa sana na shule za misioni. Huko Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alikuwako padri mmoja wa Shirika la Scheut, Raphaël de la Kéthulle, aliyefika Kongo mwaka 1917. Watu walimwita Tata Raphaël. Alijenga shule, alianzisha vyama vya michezo, na kwa juhudi zake vikapatikana viwanja vikubwa viwili: kile cha Malkia Astrid mwaka 1937, na kile cha Mfalme Baudouin mwaka 1952. Padri alifariki mwaka 1956. Kiwanja hicho cha pili kiliitwa baadaye 20 Mai, na huko ndiko mabondia Muhammad Ali na George Foreman walikopigana mwaka 1974. Leo kina jina la padri mwenyewe.

"Na Mazembe je?" akauliza kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza.

"Mazembe nayo ilizaliwa shuleni," akajibu Mzee. "Mwaka 1939, mamonaki Wabenedikto wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, waliwaundia wanafunzi wao timu. Nayo ilipokua ikatwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015."

Akaongeza kwamba jambo hili si la kwetu tu. Marekani nako, shule na vyuo vina mpira wao, ingawa wao huuchukua zaidi mikononi kuliko miguuni. Na kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan peke yake kina nafasi za watu zaidi ya 100,000. Nikatazama ukuta wetu wenye watoto, nikaona kwamba sisi pia si haba.

Wageni walifika wamechelewa sana. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara. Walikuja juu ya lori, wamesimama wote, na walipoteremka walikuwa na matope magotini na vumbi hata kwenye nyusi. Hawakuwa na watu wa kuwashangilia ila mwalimu wao na wanafunzi wachache. Sitataja jina la shule yao wala njia waliyotokea. Katika mkoa wetu wa Ituri jina la mahali huweza kufanya kazi ya jina la kabila, nami sitaki msomaji aanze kupima upande kabla hajasikia habari.

Niliwaona wakiteremka. Niliona pia kwamba hakuna aliyekwenda kuwapa mkono. Kidumu changu cha maji kilikuwa kimejaa, kipo miguuni pangu. Sikuinuka. Likumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Filimbi ikalia, mchezo ukaanza. Ndugu zangu, sikujua kwamba ni vitu vizuri hivyo! Mtoto yule ambaye kwangu huangusha vikombe, huku alikuwa akienda na mpira kama anayecheza ngoma, akiwapita watu wazito bila kuwagusa. Mara moja aliubetua juu ya kichwa cha adui wake, akazunguka nyuma yake, akaupokea kabla haujagusa chini. Nikapiga kigelegele. Mzee akaniambia kwa upole kwamba bado si bao.

Kidogo kidogo nikaanza kuelewa. Nilipoona mtoto wangu amesimamishwa akiwa peke yake mbele ya mlango, nikauliza amekosa nini. Mzee akanieleza sheria ya kuotea: mchezaji haruhusiwi kungoja karibu na mlango wa wenzake, akiwa mbele ya mpira na mbele ya walinzi wao, ili apigiwe pasi na kufunga kwa urahisi. Kati yake na mstari wa mlango lazima wawepo angalau wapinzani wawili, na mara nyingi mmoja wao ndiye mlinda mlango. Nikasema, "Kumbe ni kama mtu anayekaa karibu na chungu kabla chakula hakijaiva." Mzee akacheka sana, akasema kwamba hajapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Kabla ya mapumziko tukafunga bao la kwanza. Katika kipindi cha pili wageni wakasawazisha, bao zuri la kichwa, na kiwanja kizima kikanyamaza kana kwamba kuna msiba. Wale wanafunzi wao wachache tu waliruka-ruka katika kona yao. Nami, niliyekuja bila kujua timu ina watu wangapi, nikaona moyo wangu umechukia. Nimechukia nini? Sikujua. Nilijua tu kwamba walikuwa wamechukua kitu chetu, kwetu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Mtoto wangu akaingia na mpira karibu na mlango wao. Mlinzi mmoja, kijana mnene wa mabega, akamkimbilia. Wakafika pamoja, na mtoto wangu akaanguka kifudifudi katika vumbi.

Nikasimama. Mwavuli ukanitoka. Na kinywa changu, ambacho kwa miaka mingi kimewafundisha watoto wenu salamu na adabu, kikafunguka na kupaza sauti: "Mwamuzi! Wameua mtoto! Warudi kwao! Rudini kwenu!"

Nililisema mara moja tu. Lakini neno likisemwa mbele ya watu halibaki na mwenyewe. Vijana waliokuwa nyuma yangu walilipokea, wakalipigia makofi, na kabla sijameza mate kiwanja kizima kilikuwa kikiimba, "Rudini kwenu! Rudini kwenu!" Mwamuzi alisita. Alitazama mahali palipotokea jambo, akatutazama sisi, akapiga filimbi na kuonyesha kwa mkono: penalti. Mpira ukawekwa meta 11 kutoka mlangoni, nahodha wetu akaupiga, tukashinda 2 kwa 1.

Watu walikumbatiana. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimelisikia neno langu likirudi kutoka vinywa vya watu mia, nami nikalitambua. Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia na wenye silaha walipoanza kugombea mji mtaa kwa mtaa, watu wengi walikimbilia kwenye uwanja wa ndege na kwenye makao ya Umoja wa Mataifa. Wengine tulishika njia ya kusini kwa miguu, tukielekea Beni. Katika kijiji kimoja cha njiani nilikwenda kisimani na kibuyu. Mwanamke mmoja alinitazama toka kichwani hata miguuni, akaniambia, "Rudini kwenu." Sikuwa na kwetu siku ile. Nilirudi na kibuyu kitupu. Kwa miaka zaidi ya 20 nimelibeba neno lile kama jiwe, nikidhani kwamba nimelibeba ili nisisahau. Kumbe nililiweka akiba, nami nikalitoa siku ya kwanza nilipolihitaji.

Mtoto wangu alikuja akinyonga mguu kidogo. Hakuwa na uso wa mshindi.

"Umeumia?" nikamwuliza.

"Hapana, Shangazi. Nilijikwaa. Yule kijana hakunigusa. Yeye ndiye aliyenishika mkono kuniinua."

"Mbona hukumwambia mwamuzi?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka kusema. Kisha nikasikia watu wanaimba, nikaogopa. Na Shangazi, ile sauti ya kwanza niliijua."

Hakuna hakimu aliyewahi kunisomea hukumu nzito kuliko hiyo.

Nikachukua kidumu changu, ambacho kilikuwa bado kimejaa, nikaenda mpaka kwenye lori. Nilimkuta yule kijana ameketi chini, mgongo juu ya gurudumu. Nikampa maji, nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyeanza lile neno. Nimekosa." Alinywa. Akampa mwenzake, naye akampa mwenzake, hata kidumu kikarudi kitupu. Hakuniambia neno, wala hakuwa na sababu ya kuniambia. Mwalimu wao akanishukuru kwa maji, akasema kwamba lazima waondoke kabla ya giza, kwa ajili ya usalama wa njia. Lori likaondoka. Nikasimama katika vumbi lake, mtoto wangu pembeni yangu.

Ndugu wasomaji, huenda wengine mtasema, "Shangazi anakuza jambo, kelele za mpira hazina maana, zinaishia kiwanjani." Nami nilitaka iwe hivyo. Lakini kelele zina nguvu, na jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2002 wataalamu wa Uingereza waliwaonyesha waamuzi picha za mechi ileile. Wengine walisikia sauti za watazamaji, wengine walitazama kimya. Wale waliosikia sauti waliwahesabia wenyeji makosa machache kuliko wale wasiosikia. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, mashindano mengi ya Ulaya yalichezwa katika viwanja vitupu. Waliolinganisha waliona kwamba wenyeji walipoteza sehemu ya faida yao, na kwamba zile kadi za njano ambazo desturi yake ni kuwaangukia wageni zaidi zilipungua. Basi sauti ya mtazamaji ni kama mkono: inaweza kuusukuma mkono wa mwamuzi mwaminifu, bila yeye mwenyewe kujua. Ushindi wetu wa Jumamosi ulikuwa na alama za vidole vyangu.

Tena kelele haziishii kiwanjani siku zote. Kile kiwanja cha Kinshasa chenye jina la Tata Raphaël, kilichojengwa kwa ajili ya vijana, tarehe 11 Mei 2014 kilikuwa na mechi ya Vita Club na Mazembe. Wenyeji walipoona timu yao inashindwa, hasira ikapanda, vitu vikarushwa, polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi, watu wakakanyagana milangoni. Walikufa watu wapatao 15. Walikuwa wametoka kwao asubuhi kwenda kufurahi.

Na hapa kwetu Ituri je? Sisi tunajua vizuri kuliko wengine jinsi neno dogo lililoimbwa na wengi linavyoweza kutembea usiku, likabisha mlango kwa mlango. Ndiyo sababu nasema kwamba kiwanja cha shule si mahali padogo. Ni moja ya mahali pachache ambapo watoto wa pande zote hukutana chini ya sheria moja, mbele ya mwamuzi mmoja, kwa saa moja na nusu, wakasukumana na kupeana mkono. Sisi wakubwa tumeshindwa mara nyingi kufanya hivyo. Wao wanaweza, kama hatutawaharibia.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mkuu wa shule ya mtoto wangu, pamoja na Mzee katekista na akina mama watatu, nasi tumepatana mambo machache. Lori la wageni likifika, wazazi wenyeji watalipokea kwa maji na salamu kabla filimbi haijalia. Wimbo wowote unaotaja kabila, mahali, au kurudi kwa mtu kwao hautaimbwa. Na mkubwa akiuanza, mdogo ana ruhusa ya kumvuta nguo. Bao zuri la mgeni litapigiwa makofi, hata kama makofi yenyewe ni ya shingo upande. Na mchezaji atakayemwambia mwamuzi ukweli unaomdhuru mwenyewe hatachekwa nyumbani kwake. Jambo hilo la mwisho aliliomba mtoto wangu.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Zamani nilidhani maana yake ni kwamba mgeni huleta zawadi. Sasa naona kwamba mgeni humponya mwenyeji kwa kumwonyesha ugonjwa wake. Bila wale vijana wenye matope magotini nisingalijua nilichokuwa nimekificha moyoni.

Mwezi ujao ni zamu yetu ya kusafiri. Timu yetu itapanda lori na kwenda kucheza kwao, na safari hii mgeni ni sisi. Nimeomba nafasi juu ya lori hilo. Mtoto amekubali, kwa sharti kwamba nishike mwavuli kwa mikono miwili. Sijui watatupokeaje. Wana haki ya kutukumbuka. Lakini nitachukua kile kidumu, safari hii kikiwa kitupu, nami nitakwenda kuomba maji.